Kabla Hujapiga Windows, Fuata Waya Kwanza

Kuna jambo limekuwa likiniuma muda mrefu na leo nimeamua niliandike lote. Mi ni fundi, navuta nyaya za netiweki na kutengeneza kompyuta majumbani hapa Moshi, na mara nyingine naitwa Arusha maana ndugu zangu wako Sakina na Njiro, na huko kote stori ni ileile. Mtu ana kompyuta ya mezani nyumbani, imeunganishwa na ruta kwa waya, siku intaneti ikigoma anaita fundi, fundi anavuta kiti anabofya bofya dakika chache alafu anasema hii inabidi ipigwe windows, yaani ifutwe na kuwekewa windows upya. Mwenye mashine hajui, anakubali, analipa. Mafaili yanaondoka, picha za kipaimara cha mtoto zinaondoka, na kesho yake intaneti bado haipo kwa sababu shida ilikuwa kwenye waya uliopita juu ya dari na hakuna mtu aliyepanda kuuangalia.

Kwa kweli hii inanisikitisha sana. Kupiga windows kuna wakati wake, sikatai, lakini kwa tatizo la intaneti ya waya hilo ni jambo la mwisho kabisa kulifikiria na siyo la kwanza. Wazee wetu wa huku mlimani maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, yakikauka shambani hawang'oi migomba, wanapanda kuufuata mfongo taratibu mpaka wanakuta palipobomoka au palipoziba. Intaneti ya waya nayo inatakiwa kufuatwa hivo hivo, unaanza na kile kinachoshikika kwa mkono ndo unapanda kwenda kwenye vitu vya ndani ya mashine.

Basi tuanze na taa. Zungusha kompyuta uangalie nyuma pale waya wa LAN, ule wa netiweki unaotoka kwenye ruta, unapochomekwa, pembeni ya lile tundu kuna vitaa viwili vidogo, kwa mashine nyingi kimoja kinawaka muda wote kuonyesha kwamba upande huu na upande wa ruta wameonana, kingine kinapepesa data ikipita. Kama hakuna hata kimoja kinachowaka na mashine imewashwa, hapo hamna haja ya kufungua setingi za kivinjari wala kufuta kuki wala kuingiza antivairasi mpya, kwa sababu mashine haijaiona ruta kabisa. Unachotafuta ni waya, au kichwa cha waya, au tundu lenyewe, au ruta imezimika, au kadi ya netiweki, kile kifaa cha ndani chenye tundu la LAN, imezimwa kwenye setingi. Hii ya mwisho ni rahisi kuihakikisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl alafu Enter, utaona orodha ya miunganisho yote ya mashine yako. Ukiona Ethernet, ndo ule muunganisho wa waya, imekuwa ya kijivu imeandikwa Disabled, bofya kulia uchague Enable na huenda kazi imeishia hapo. Ukiona ina alama nyekundu ya X na maneno Network cable unplugged, basi rudi kwenye waya.

Angalia pia waya umechomekwa wapi kwenye ruta. Ruta nyingi zina tundu moja la WAN, la waya unaoleta intaneti kutoka nje, mara nyingi lina rangi yake tofauti, na mengine ya LAN yana namba 1 mpaka 4. Mtu akifagia sebule akachomoa kila kitu afute vumbi, akirudisha anaweza kuchomeka waya wa kompyuta kwenye WAN, na taa itawaka vizuri tu lakini intaneti hupati. Na kwenye kila tundu ukichomeka sikiliza ule mlio wa klik. Kile kipini cha plastiki juu ya kichwa kikivunjika, waya unakaa pale kwa kuegemea tu, paka akipita nyuma ya meza unalegea.

Sasa kuna vipimo viwili ambavyo mi navipenda kuliko vyote, havihitaji kifaa chochote cha kununua, na ningependa kila mwenye kompyuta nyumbani avijue kabla ya kuita mtu.

Cha kwanza, beba mashine uipeleke ilipo ruta, uunganishe kwa ule waya mfupi uliokuja kwenye boksi la ruta. Ndiyo, kubeba mashine na skrini ni usumbufu, lakini jibu utakalopata ni la uhakika. Ikifanya kazi pale, mashine yako ni nzima, kadi ni nzima, windows ni nzima, mgonjwa ni ule waya mrefu. Ikikataa hata pale, jaribu tundu lingine la ruta, ikikataa tena chomeka laptopu ya mtu mwingine kwenye waya huohuo na tundu hilohilo, laptopu ikipata basi ndo tunaanza kuishuku mashine yako.

Cha pili, chukua simu yako yenye bando, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, nenda kwenye setingi za hotspoti uwashe USB tethering. Kompyuta inaichukulia simu kama kadi nyingine ya netiweki. Kurasa zikifunguka kwa njia hiyo na kwa ule waya wa LAN hazifunguki, unakuwa umeshajua kwamba kivinjari hakina kosa, saa ya mashine haina kosa, windows kwa ujumla inaweza kwenda mtandaoni, na anayekuja kukwambia windows imeoza unaweza kumjibu kwa adabu kwamba hapana, nimepima. Simu hiyohiyo tutaihitaji tena mbele kidogo.

Nieleze kisa cha mzee mmoja jirani yangu hapa Majengo, mwalimu mstaafu, maana ndicho kilichonifanya nione kwamba haya mambo yanahitaji kuandikwa. Nyumba yake ni ya zamani, kuta nene, waifai ya ruta iliyoko sebuleni haifiki kile chumba cha nyuma anachokiita ofisi, kwa hiyo alivutiwa waya juu ya dari kutoka mbele mpaka nyuma. Kompyuta yake anaitumia kuongea na wajukuu kwa video na kuandaa mitihani ya wanafunzi wa tuisheni. Nilipofika nikamwamkia, shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba mwanangu, alafu akasema kwa sauti ya kuchoka, "Hii mashine imenishinda, wamepiga windows mara ya pili na bado wajukuu wanakatikakatika."

Nikaangalia taa, zinawaka. Fundi aliyenitangulia alikuwa na testa, kile kiboksi chenye namba 1 mpaka 8, akapima mbele ya mwalimu na taa zote nane zikapita kwa mpangilio, ndo akasema waya mzima kwa hiyo ni windows. Na kwa mtu ambaye hajui ndani ya waya mna nini hayo maelezo yanaingia akilini kabisa. Kurasa ndogo zilikuwa zinafunguka, lakini ukianza video au kushusha faili kubwa inaganda, inarudi, inaganda tena.

Nikakata kichwa kimoja nikaangalia rangi. Ndani ya waya wa LAN kuna nyuzi nane, zimesokotwa mbilimbili, kwa hiyo jozi nne: chungwa, kijani, bluu na kahawia, kila jozi ina uzi wa rangi kamili na uzi mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Aliyevuta ule waya alizipanga jinsi zinavyofuatana tu, nyeupe ya chungwa na chungwa, nyeupe ya kijani na kijani, nyeupe ya bluu na bluu, nyeupe ya kahawia na kahawia, na upande wa pili akapanga vilevile. Ukiangalia kwa macho inapendeza, na testa inapita kwa sababu testa ya bei ya kawaida inachojua ni kwamba 1 imefika 1 na 2 imefika 2 mpaka 8, basi.

Lakini mpangilio unaotumika zaidi, unaoitwa T568B, hauendi hivo. Ni nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Mtu anajiuliza kwa nini kijani itenganishwe namna hiyo, nyeupe yake iwe ya 3 na yenyewe iruke mpaka ya 6. Sababu ni kwamba kompyuta na ruta zinatuma data kwa jozi, pini 1 na 2 ni jozi moja, pini 3 na 6 ni jozi nyingine, na ule msokoto wa nyuzi mbili ndo unaozuia kelele, maana uzi mmoja unabeba mawimbi kinyume cha mwenzake na kelele inayoingia inawapata wote wawili sawasawa, mwisho inafutika. Ukipanga kwa kufuatana, pini ya 3 inakuwa uzi wa jozi ya kijani na ya 6 inakuwa uzi wa jozi ya bluu, nyuzi mbili zinazotakiwa kufanya kazi pamoja hazijasokotwa pamoja, na kila moja imesokotana na jirani ambaye siyo wake. Waya ukiwa mfupi wa mita moja hutaona shida. Ukiwa mrefu unaozunguka dari nzima, data inaharibika njiani, inatumwa upya, inaharibika tena, na wewe kwenye skrini unaona wajukuu wameganda.

Nikakrimpu upya, yaani nikabana vichwa vipya, pande zote mbili kwa mpangilio wa B, vichwa viwili vya RJ45 ambavyo ni vitu vya bei ndogo kabisa dukani, na nikaacha msokoto ufike karibu kabisa na kichwa, nisifumue nyuzi ndefu. Mwalimu akapiga video, ikakaa. Hakukuwa na kitu kingine chochote kilichobadilishwa kwenye ile nyumba. Na yale mafaili ya mitihani ya miaka mingi yaliyofutwa kwa kupigwa windows hayakurudi, hiyo ndo sehemu inayoniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu yangu ukiwa na waya uliokrimpiwa na mtu, vichwa vile ni vya plastiki inayoonyesha ndani, weka vichwa viwili pamoja kipini kikiwa chini usome rangi kutoka kushoto. Bluu lazima iwe katikati, 4 na 5, na kijani iwe imeizunguka, 3 na 6. Ukiona rangi zimefuatana mbilimbili moja kwa moja, umeshapata ugonjwa bila kulipa mtu. (Kuna mpangilio mwingine wa A unaobadilishana chungwa na kijani, nao ni sawa kabisa, ilimradi pande zote mbili zifanane.)

Waya wenyewe pia uangalie. Kuna nyaya nyingi sokoni ambazo uzi wake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, muuzaji anakwambia ni Cat6, daraja la juu la waya wa LAN, na imeandikwa Cat6 kweli. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe wa kung'aa ndani badala ya wekundu wa shaba, hiyo ni aluminiamu. Inapitisha umeme kwa shida kuliko shaba na ukiikunja mara kadhaa inakatika ndani kwa ndani huku ganda la nje likiwa zima, ndo maana mtu anapata intaneti akiusogeza waya na kupoteza akiuachia. Alafu kuna panya wa darini, kuna mlango unaobana waya kila ukifungwa, kuna kona kali ambapo fundi amepiga msumari. Na urefu usipite mita 100, ndo kipimo kilichowekwa kwa waya wa shaba wa aina hii, ukitaka kwenda mbali zaidi weka swichi ya netiweki katikati.

Kitu kingine cha waya ni spidi. Pale kwenye ncpa.cpl bofya mara mbili Ethernet, itakuonyesha Speed. Kama ruta na kompyuta zote ni za gigabiti ungetegemea 1.0 Gbps, ukiona 100.0 Mbps shuku kwamba uzi mmojawapo haujafika, kwa sababu 100 inatumia nyuzi nne tu, 1, 2, 3 na 6, lakini gigabiti inataka zote nane. Kwa kifurushi cha nyumbani cha Mbps 20 hutasikia tofauti, lakini ni dalili kwamba kichwa kimoja kimeanza kuchoka.

Haya, waya mzima, taa zinawaka, bado hakuna kitu. Hapo ndo tunaingia ndani ya mashine. Fungua lile dirisha jeusi, andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, alafu andika ipconfig. Tafuta IPv4 Address, ndo namba ya anwani ya mashine yako kwenye netiweki. Ikianza na 169.254, hiyo ni anwani ambayo windows imejipa yenyewe baada ya kuomba ruta na kukosa jibu, kwa hiyo mazungumzo kati ya mashine na ruta hayapo hata kama taa inawaka. Zima ruta kabisa kwenye soketi, subiri kidogo, washa, alafu andika ipconfig /release na baadae ipconfig /renew. Ikiendelea kuleta 169.254 rudi tena kwenye waya na vichwa, mi nimeona mara nyingi sana ni pale.

Ikija anwani ya kawaida mfano 192.168.1.kitu, angalia Default Gateway, hiyo ndo anwani ya ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1, vile viboksi vya faiba vingine vinatumia 192.168.100.1. Kama gateway siyo ya ruta yako, huenda kuna mtu ndani ya boma ameleta ruta ya zamani akaichomeka aongeze waifai, na ile nayo inagawa anwani, inawapeleka watu kusikokuwa na njia. Ikipatikana unazima ugawaji wake wa anwani au unaichomoa.

Na hizi mashine zetu nyingi za nyumbani ni yuzdi, Dell na HP zilizotumika kwenye maofisi huko Ulaya alafu zikaja kwetu, au zimetoka kwenye intaneti kafe iliyofungwa. Zinakuja na setingi za huko zilikotoka. Utakuta anwani imeandikwa kwa mkono badala ya kuachwa ijipate yenyewe, fungua Properties za Ethernet, Internet Protocol Version 4, weka Obtain an IP address automatically na ile ya DNS chini yake vilevile. Utakuta pia proksi, yaani seva ya kati ambayo kivinjari kinaelekezwa kuipitia, imewashwa, hii inasumbua watu sana kwa sababu vipimo vyote vinapita na bado kivinjari hakifungui ukurasa hata mmoja. Iko kwenye Settings, Network & Internet, Proxy, zima ile ya kuandikwa kwa mkono.

Sasa pingi, ile amri inayotuma ujumbe mfupi kwenye anwani fulani na kusubiri jibu, nayo unaiandika kwenye lile dirisha jeusi. Kuna mtu anakwambia nimepingi 127.0.0.1 imejibu kwa hiyo netiweki iko sawa, jamani hiyo ni mashine inajijibu yenyewe, itajibu hata waya ukiwa haupo kabisa. Anza na ruta, ping 192.168.1.1 au gateway yoyote uliyoiona. Ikijibu, kipande cha kutoka kompyuta mpaka ruta ni kizima. Alafu ping 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako, ikijibu basi kampuni yako ya intaneti inafanya kazi. Alafu ping google.com kwa jina. Kama namba inajibu na jina halijibu, shida ni DNS, ile huduma inayobadili majina kuwa namba, andika ipconfig /flushdns, na ikishindikana weka DNS kwa mkono, 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Hizo hatua tatu zinakwambia tatizo liko ndani ya nyumba au nje, na zinachukua muda mfupi kuliko kumpigia fundi simu.

Ujanja mmoja ambao nautumia kila mara, andika ping -t 192.168.1.1, ile -t inafanya isisimame. Iache iendelee, alafu nenda ukaushike waya taratibu, kwenye kichwa cha kompyuta, kwenye kona ya mlango, kwenye ruta, ukitikisa kidogo kidogo huku mwenzako anaangalia skrini. Akipiga kelele kwamba imeandika Request timed out, hapo uliposhika ndo penyewe. Kusimamisha ni Ctrl na C.

Saa ya mashine nayo usiisahau. Kompyuta za zamani zina kibetri cha duara kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, CR2032, kikiisha nguvu kila umeme ukikatika mashine inarudi miaka ya nyuma huko, na kivinjari kinakataa kurasa nyingi kinasema muunganisho siyo salama, kwa sababu vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha na mashine yako inaamini hivyo vyeti bado havijaanza. Pingi zote zinapita, kurasa zinakataa. Dada yangu wa Sakina anayejazia watoto wa watu fomu za mkopo wa chuo alikaribia kuuza mashine nzima kwa ajili ya hili. Rekebisha tarehe, nunua kibetri.

Na tukubaliane pia kwamba siku nyingine kosa haliko kwako hata kidogo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwenye kipande cha kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tukawa kati ya nchi zilizoumia sana. Siku kama ile ruta inapingika vizuri kabisa, kinachokufa ni huko nje, na hakuna setingi ya kwenye kompyuta yako itakayounganisha waya ulio chini ya bahari. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote muulize jirani kama anapata, na uhakikishe kifurushi chako hakijaisha.

Niseme kuhusu radi kwa sababu huku kwetu kipindi cha masika inapiga sana. Watu wanajua kuchomoa waya wa umeme mvua ikianza kunguruma, lakini waya wa LAN wanauacha, hasa ule unaotoka nyumba kubwa kwenda nyumba ya uani ukipita hewani. Radi ikipiga hata mbali kidogo, ule waya mrefu unabeba mshtuko mpaka kwenye tundu la LAN, na mara nyingi kinachoungua ni kadi ya netiweki peke yake, kompyuta inawaka, inaandika, inacheza muziki, ila taa za LAN haziwaki tena milele. Hapo usikubali kuambiwa ununue mazabodi nyingine. Kuna adapta za USB zenye tundu la LAN, unachomeka unaendelea na kazi, au kadi ya kuingiza ndani kwenye sloti ya PCI Express. Na kuanzia siku hiyo wingu likiwa zito chomoa waya zote mbili, wa umeme na wa LAN, na kwenye ruta pia.

Kama ulishapigiwa windows tayari na sasa hivi ndo LAN haionekani kabisa hata kwenye ncpa.cpl, fungua Device Manager uangalie kama kuna Ethernet Controller yenye alama ya njano. Draiva, ile programu inayoiwezesha windows kuitumia kadi, ndo haipo. Na kuishusha unahitaji intaneti ambayo huna, ndo ile simu ya USB inarudi kazini, washa tethering, ingia tovuti ya aliyetengeneza mashine, tafuta kwa modeli iliyoandikwa kwenye boksi, shusha draiva ya netiweki, ingiza, restati.

Ikibaki ni kampuni, piga simu kwao ukiwa na majibu mkononi. Kwa wenye faiba, angalia kile kiboksi, taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki, waya wa faiba umekatika au umechomoka mahali na hilo ni la kwao kulifuata kwenye nguzo. Usiuchomoe wala kuukunja ule waya mwembamba wa faiba ukijaribu kusaidia. Waambie nimewasha na kuzima, kifurushi kipo, kutoka kompyuta nikipingi ruta inajibu, nikipingi 8.8.8.8 haijibu, LOS ni nyekundu tangu saa fulani. Anayepokea simu atakuwa hana tena sababu ya kukwambia zima uwashe, atakuandikia tiketi, yaani kumbukumbu ya tatizo lako kwao, na wewe mwambie akutajie namba ya hiyo tiketi uiandike.